Subira ya Aniceti Kitereza

Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa mwaka 1896, akamaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na akafariki dunia mwaka 1981, kitabu kikiwa kimekwisha kupigwa chapa lakini nakala zake zikiwa bado hazijamfikia mkononi. Tangu alipoweka kalamu chini hata alipofumba macho, alingoja miaka 36. Na katika muda huo mrefu hakuutupa mswada wake, bali aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, ili upate wasomaji ambao lugha yake ya kisiwani haikuweza kumpa. Nimesoma waandishi wengi waliomzidi kwa sifa na kwa idadi ya vitabu, walakini sioni aliyenifunza kazi ya kuandika, na kazi iliyo nzito zaidi ya kuhifadhi, kama alivyonifunza mzee huyu ambaye sikupata kumwona. Na maadamu jina lake naona linazidi kupotea vinywani mwa vijana wanaosoma Kiswahili katika nchi zetu, nimeona ni wajibu kumwandikia kumbukumbu, na kueleza jinsi kazi yake ilivyonifikia huku Modogashe, mbali na ziwa, na ilivyonibadili.

Mimi ni mtoto wa Lamu niliyeletwa Modogashe na kazi ya ualimu, nikakaa zaidi ya nilivyodhani nitakaa. Ni mji mdogo ulio katika njia panda, ambapo barabara itokayo Garissa hukutana na ile itokayo Isiolo, kisha zikaelekea pamoja Habaswein na Wajir. Na wenyeji wake akthari ni Wasomali wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, ambao jirani zao wa upande wa magharibi ni Waborana. Dukani mlipatikana sukari, majani ya chai, mchele, unga wa ngano na betri za redio. Kitabu cha hadithi hakikuwa miongoni mwa bidhaa. Riwaya ya Kitereza nilikuwa nimeinunua Dar es Salaam nilipokwenda kuwatazama jamaa, katika duka la vitabu vikuukuu, juzuu mbili zenye jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Nami nilizitia sandukuni, zikakaa humo, kwani mwalimu wa sekondari aghalabu husoma anachofundisha kabla ya kusoma anachokipenda.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño zilipofululiza hata kuingia mwaka 1998, laga zote, yaani mito ya msimu, zilijaa, barabara zikakatika, malori yakazama katika tope njiani, na bei ya unga ikapanda kila juma. Fauka ya hayo ikazuka homa ya Bonde la Ufa, iliyoua kondoo, mbuzi na ng'ombe kwa wingi na kuwapata hata watu katika wilaya ya Garissa, hata wafugaji wakawa wanaogopa nyama ya wanyama wao wenyewe. Katika kifungo hicho cha maji ndipo nilipozifungua juzuu zile mbili, nikazisoma kwa mwanga wa kandili. Na baada ya kurasa chache nikatambua kwamba nimeshika kitabu kisichotaka kusomwa kwa haraka, kwa kuwa mwandishi wake hakuwa na haraka hata chembe.

Kisa chenyewe kinaweza kusemwa kwa maneno machache. Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana, lakini hawajaliwi mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke kwa utasa. Wazazi wa mke wanachoshwa na matusi hayo, wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Myombekere anakwenda kwa wakwe kuomba arudishiwe mkewe, anatozwa faini ya mitungi ya pombe ya ndizi, analipa, anarudishiwa mke; kisha mganga Kibuguma anawatibu, nao wanajaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali, na riwaya inawafuata watoto hao na wazazi wao mpaka uzeeni na kaburini. Mambo yote hayo yanatukia Ukerewe, kabla utawala wa wageni haujaingia. Lakini mtu akieleza kisa hiki tu hajaeleza kitabu, kwa sababu Kitereza hamwachi mtu wake yeyote apite njiani bila kusalimiwa na kuitikia salamu kama ilivyokuwa desturi. Hamwachi mwenye shamba alime bila kuonyesha jembe linavyoshikwa. Na faini ya pombe inapotozwa, hasemi kwamba pombe ilipikwa akaendelea na safari, bali anatupeleka kwenye migomba, anatuonyesha ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa, nani aliyeitwa kusaidia na nani aliyekuja bila kuitwa, na maneno waliyoambiana katika kazi hiyo. Uvuvi, kuchonga mitumbwi, kuwinda viboko, dawa za mitishamba, posa, uzazi, matanga, yote yamo, na yamo kwa ukamilifu wa mtu aliyeona kwa macho yake kwamba vitu hivyo vinaondoka.

Jioni moja, mvua ilipotulia, niliwasomea sehemu ya wakwe na faini wazee waliokuwa wakikutana karibu na nyumba niliyopanga, kwa chai ya maziwa ya ngamia. Nami nilisoma kwa Kiswahili, na mwenye duka mmoja, aliyekijua vyema, akawafasiria kwa Kisomali. Nilikuwa na wasiwasi kwa sababu ya pombe, kwani hadhira yangu ilikuwa ya watu wa swala tano. Mzee mmoja, haji, mwenye kuheshimiwa katika kuamua kesi za koo, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwalimu, wakwe hao wamehukumu sawasawa. Mume aliyewasikia ndugu zake wakimtukana mkewe, naye akanyamaza, ana deni." Mwingine akajibu kwamba mume hakuwa na kosa, waliotukana ni ndugu zake, na wao ndio wangelipa. Haji akasema, "La, mwenye nyumba ndiye mwenye dhamana. Kuhukumiwa alipe ni haki. Kilicholipwa ndicho kwetu hakifai. Angelipa mbuzi." Wakashindana kwa hoja mpaka adhana ya isha, wakitaja kesi walizopata kuziamua wao na baba zao, na walipoondoka mmoja wao aliniuliza kama huyo Myombekere alipata kumrudisha mkewe au hakupata, akasema kesho atakuja kusikia.

Nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu yalinijibu shaka niliyokuwa nimeisikia mara nyingi, kwamba kitabu cha Kitereza si riwaya bali ni maelezo ya mila yaliyovikwa majina ya watu. Wenye kauli hiyo wanapima kwa kipimo cha riwaya ambayo mambo yake hukimbia, na ambayo kitu kisichosukuma kisa mbele huhesabiwa kuwa ziada. Mimi naona kwamba katika kitabu hiki utaratibu wa mambo ndio kisa chenyewe. Faini ile ina uzito kwa kuwa tumeona taabu ya kila mtungi. Laiti mwandishi angeandika kwamba Myombekere alitoa pombe akapewa mke, wazee wa Modogashe wasingekuwa na la kubishania, kwa maana wasingejua gharama yake. Hawakuwahi kuona ziwa kubwa wala mgomba wenye mkungu, lakini walipoelezwa kazi kwa ukamilifu waliitambua hukumu, na walipoitambua hukumu wakamtambua mtu. Toka siku hiyo nimewafunza wanafunzi wangu wa insha kwamba ufupi ni fadhila kwa msemaji aliye na wasikilizaji wanaojua anachokisema, ama mwenye kuwaandikia watu walio ghaibu, na watakaozaliwa baada yake, hana budi kusema mpaka mwisho.

Maisha ya Kitereza nayo yanaeleza kwa nini aliandika alivyoandika. Alitoka katika ukoo wa watemi wa Ukerewe, akalelewa mahali ambapo mambo ya jadi yalijulikana na kusimuliwa. Kisha akasomeshwa na Mapadri Weupe katika misheni ya Kagunguli kisiwani, na baadaye katika seminari ya Rubya, katika nchi ya Wahaya, ambako alifunzwa Kilatini na lugha nyingine za wageni. Hakupata kuwa padri. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, na hawakujaliwa kubakiwa na mtoto wa kuwarithi. Desturi ya jamii yake ilimpa mtu wa namna hiyo ruhusa, na pengine ilimshurutisha, kuoa mke wa pili. Yeye akashikamana na dini yake na mkewe. Basi msomaji anayejua jambo hilo hawezi kuzisoma kurasa za Bugonoka akisimangwa kwa utasa kama kurasa za mila tu. Aliyeziandika alikaa ndani ya huzuni hiyo miaka mingi, akawapa watu wake wa hadithi yale ambayo nyumba yake haikuyapata, akiyatoa kwa taratibu, baada ya faini, baada ya dawa, baada ya kungoja, wala hakuyatoa kwa muujiza. Nami nadhani upole alionao mwandishi huyu kwa wanawake wa kitabu chake, na jinsi anavyowasikiliza wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe shambani na jikoni, umetoka katika nyumba hiyo ya watu wawili.

Aliyemtia moyo wa kuandika alikuwa Padri Almas Simard, mtu wa Kanada, aliyependa kukusanya masimulizi ya Wakerewe na ambaye Kitereza alifanya kazi naye. Padri huyo aliutambua mswada kuwa kitu cha thamani, akataka uchapishwe, na mauti yakamchukua kabla haijawezekana. Nani angechapisha, wakati wa utawala wa Mwingereza, riwaya yenye mamia ya kurasa kwa lugha ya kisiwa kimoja? Miaka ikapita, Tanganyika ikapata uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Ukerewe Mmarekani Gerald Hartwig, mwanahistoria aliyekuwa akichunguza habari za biashara ya kale ya Wakerewe, na mkewe Charlotte. Hao nao wakahangaikia mswada. Ikabainika kwamba njia iliyokuwa wazi ni Kiswahili, lugha ambayo taifa jipya lilikuwa limeishika kwa mikono miwili, na Kitereza, akiwa amekwisha kupita miaka 70, akaifanya kazi ya kuhamisha kitabu chote. Tanzania Publishing House ndiyo iliyokitoa mwaka 1980. Kilipigwa chapa China, kikaja kwa bahari, na kilipowasili mwenyewe alikuwa amekwisha kuitwa.

Sina nia ya kumlaumu mtu kwa ucheleweshaji huo. Kila aliyeushika mswada ule aliuheshimu, na hilo ndilo linalonitisha zaidi, kwamba kazi inaweza kuheshimiwa na kila mtu na bado mwenyewe akafa hajaiona. Wala si Afrika peke yake. Uingereza alikuwako Mary Webb, mwanamke aliyeandika riwaya za jimbo la Shropshire, za watu wa mashamba na lafudhi yao, kwa upendo wa mtu aliyekulia humo. Riwaya yake Precious Bane ilitoka mwaka 1924, akapata tuzo na sifa za waandishi wenzake, lakini wasomaji wengi hawakumjua. Alifariki mwaka 1927 akiwa na miaka 46, na mwaka uliofuata Waziri Mkuu Stanley Baldwin akamsifu hadharani, vitabu vyake vikanunuliwa kwa pupa, kisha kizazi kilichofuata kikamsahau tena. Mwandishi wa jimbo, popote alipo, ana hasara hii: anawaandikia watu wachache anaowajua, naye hupimwa na watu wengi wasiowajua hao. Tofauti ni kwamba Mary Webb alikuwa na wachapishaji mlangoni pake na lugha yenye mamilioni ya wasomaji, ilhali Kitereza alilazimika kwanza kujitafutia lugha ya pili.

Huku kwetu nimeshuhudia jambo hilo likitukia kwa namna nyingine. Kisomali kilipata maandishi yake rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na riwaya ya kwanza iliyochapishwa kwa maandishi hayo, ya Faarax M. J. Cawl, ilitoka Mogadishu mwaka 1974. Kabla ya hapo elimu kubwa ya watu hawa, mashairi yao, nasaba zao na sheria zao, ilikuwa katika vifua. Wazee wa Modogashe ni wahifadhi hodari, na sikuona sababu ya kuwahurumia kwa kukosa vitabu. Walikumbuka vizazi na visima kwa usahihi ambao sisi wenye madaftari hatunao. Hata hivyo mwaka 2001 wazee, viongozi na wakuu wa serikali wa wilaya kadhaa za Kaskazini walikutana katika mji huu huu, baada ya miaka ya wizi wa mifugo na mauaji katika malisho, wakaweka kwa maandishi mapatano ambayo hata leo yanaitwa Azimio la Modogashe. Humo iliandikwa kwamba mwenye kuhamisha mifugo kwenda malisho ya wengine aombe ruhusa kwanza, silaha zisichukuliwe kiholela, na diya ya roho iliyouawa iwe ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Mengi ya mambo hayo yalikuwa yakisemwa tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kuandikwa, ili mtu wa Wajir na mtu wa Isiolo wasibishane juu ya neno lililosemwa. Baada ya kusoma Kitereza niliielewa sababu yake vizuri zaidi kuliko ambavyo ningeielewa kabla. Hawakuandika kwa kuwa kumbukumbu zao ni dhaifu. Waliandika kwa sababu wenye kubeba kumbukumbu hizo walikuwa wakiuawa.

Ndipo nilipowaomba wanafunzi wa kidato cha tatu, wenye kupenda, wakae na babu na bibi zao wakati wa likizo na kuandika jambo moja kwa ukamilifu, kwa Kisomali au Kiborana kama lilivyosemwa, kisha wao wenyewe walifasiri kwa Kiswahili. Nilisema jambo moja, nami nilisisitiza, kwa kuwa kijana akiachiwa huandika mila zote za kabila lake katika kurasa mbili. Mmoja aliandika juu ya uchimbaji wa kisima na zamu za kunywesha. Msichana mmoja akaandika jinsi nyanya yake alivyojenga nyumba ya kuhamahama, akataja kila mti na kamba na mpangilio wa mizigo juu ya ngamia. Mwingine magonjwa ya ngamia na dawa zake. Mkusanyo huo niliupeleka kwa mchapishaji mmoja, ukakaa kwake muda mrefu, na jibu nililopata ni kwamba hauna soko. Nilihuzunika, sitaki kuficha, lakini nilikuwa na Kitereza wa kunifunza la kufanya: nikatoa fotokopi, tukazishona, nakala moja ikabaki maktaba ya shule, na kila mzee aliyesimulia akapelekewa yake, akasomewa mbele ya wajukuu zake. Hilo la mwisho sikulifanya kwa hisani tu. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba katika kadiri ya uwezo wangu, mwenye maneno atayaona maneno yake angali hai; na nyanya aliyejenga nyumba ile aliposomewa kurasa zake alimkatiza mjukuu, akamsahihisha kuhusu mpangilio wa fito, na kosa hilo likarekebishwa katika nakala zote. Nadhani hakuna mhariri awezaye kufanya kazi hiyo badala yake.

Kitabu cha Kitereza, baada ya kifo chake, kimekwenda mbali. Kilifasiriwa kwa Kijerumani na Wilhelm Möhlig katika miaka ya 1990, kikafasiriwa kwa Kifaransa, na mwaka 2002 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo, ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Nafurahi kwa hayo yote, na wafasiri hao wanastahili shukrani. Lakini kitabu cha Kiswahili, kile alichokiandika mzee kwa mkono wake ili sisi tukisome, nimekiulizia katika maduka ya Nairobi, Mombasa na Garissa bila kukiona, na walimu wenzangu wa fasihi niliowatajia walio wengi wananiuliza Kitereza ni nani.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wa Tanzania na Kenya, na mabaraza ya Kiswahili ya nchi zote mbili, waichape upya riwaya hii kwa Kiswahili, kwa bei ambayo shule ya Modogashe inaweza kulipa, na wenye kuchagua vitabu vya kutahiniwa waitazame bila kuogopa unene wake. Na wewe msomaji, ikiwa una juzuu hizo mbili kabatini pa baba yako au katika stoo ya shule, usiziuze kwa kilo pamoja na magazeti. Zipeleke maktaba iliyo karibu nawe, uandike jina la Aniceti Kitereza katika daftari lao kwa herufi kubwa, kisha uwe wa kwanza kuziazima.